Carolina Gold: mpunga uliopotea, ukarudi, na watu waliojua kuulima

Wakubwa zangu shikamooni. Ndugu wakulima, wanafunzi wa kilimo, na mama zangu wauza mchele mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mbegu za asili za mpunga. Najua wengi mlitegemea nianze na Supa, Shingo ya Mwali, Rangi Mbili au Mbawa Mbili. Hizo mnazijua kuliko mimi. Leo nawapeleka mbali kidogo, jimbo la South Carolina huko Marekani, kwenye mpunga uitwao Carolina Gold. Nimeuchagua kwa sababu uliwahi kusifika Ulaya nzima, ukatoweka mashambani, ukarudishwa, na sasa unauzwa kwa bei ambayo hata mfanyabiashara wa mjini angeguna. Na katika kurudi kwake kuna kitu kilichoachwa nyuma. Hicho ndicho kilichonileta.

Mpunga wenyewe kwanza. Ukikaribia kuvunwa, maganda yake hugeuka rangi ya dhahabu iliyokolea, na jina lilitoka hapo, maana gold ni dhahabu kwa Kiingereza. Ukiukoboa, mchele wake ni mweupe kama mwingine. Shina ni refu, linafika kifuani kwa mtu mzima, na upepo ukivuma shamba zima linalala. Hauna harufu ya Supa. Sifa yake iko kwenye sufuria: mpishi akitaka wali wa kuchambuka, unachambuka; akitaka ulainike na kushikana, unashikana; akitaka uji mzito, unatoa wanga wake bila ubishi.

Ulifikaje Carolina? Hadithi inayopendwa mjini Charleston inasema kwamba mwaka 1685 hivi meli iliyotoka Madagascar, ikiwa imeharibika, ilitia nanga bandarini, na nahodha wake John Thurber akamwachia daktari mmoja, Henry Woodward, mfuko mdogo wa mpunga. Woodward akapanda, akawagawia majirani, na utajiri ukaanzia hapo. Ni hadithi tamu, tena ina Bahari yetu ya Hindi ndani yake, kwa hiyo mimi mwenyewe ningependa iwe kweli.

Shida ni kwamba huu wa maganda ya dhahabu unaanza kutajwa waziwazi kwenye miaka ya 1780, karne nzima baadaye, vita vya uhuru wa Marekani vilipokwisha. Halafu wakaja wataalamu wa vinasaba wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Anna McClung na Robert Fjellstrom. Walilinganisha Carolina Gold na mbegu za pande nyingi za dunia, na iliyoonekana kuwa ndugu yake wa karibu ni Bankoram, mbegu iliyokusanywa Ghana. Ukoo wake ni wa mpunga wa Asia, huu huu tunaoulima sisi, lakini nyayo zake zinapita Afrika Magharibi.

Hata hivyo, linalonikera zaidi katika hadithi ya nahodha halimo kwenye vinasaba. Nawauliza wakulima mliopo hapa: nani kati yenu aliyewahi kupewa mfuko wa mbegu peke yake, bila mtu wa kumwonyesha, akavuna? Waingereza walioanzisha Charles Town, yaani Charleston ya leo, mwaka 1670 walitoka nchi ya ngano na shayiri. Jaruba walikuwa hawajawahi kuliona. Hadithi inatutajia nahodha kwa jina na daktari kwa jina, kisha inakaa kimya juu ya nani aliyeingia topeni.

Walioingia topeni walitoka pwani ya Afrika Magharibi, kuanzia Senegal na Gambia, kupita Guinea, hadi Sierra Leone na Liberia. Wazungu wenyewe waliiita Pwani ya Mpunga. Huko watu walikuwa na mpunga wao wa Kiafrika, uliotokana na mpunga pori kwenye delta ya ndani ya mto Niger, nchi ya Mali ya leo, yapata miaka 3,000 iliyopita. Wadiola wa Casamance, kusini mwa Senegal, na Wabaga wa Guinea walikuwa mabingwa wa kujenga matuta kwenye mikoko, kuzuia maji ya chumvi, kuingiza ya mvua na kuiosha ardhi mpaka ikubali mpunga. Watu wa pwani hiyo walikamatwa na kuuzwa, na kwenye mto wa Sierra Leone kilikuwepo kisiwa cha Bunce, ngome ya biashara hiyo. Mmoja wa wamiliki wake alikuwa Richard Oswald wa London, na wakala wake Charleston alikuwa Henry Laurens, aliyekuwa akichukua asilimia 10 ya mauzo. Mwaka 1782 Uingereza na Marekani zilipokaa Paris kuandika masharti ya amani, Oswald alikaa upande mmoja wa meza na Laurens upande wa pili. Walikuwa wamefahamiana siku nyingi.

Kufikia mwaka 1708, Weusi walikuwa wengi kuliko Weupe katika koloni la Carolina.

Niseme kwa haki kwamba wapo wanahistoria wanaopinga kuwa ujuzi wa mpunga wa Carolina ulitoka kwa Waafrika hao. Wanasema wenye mashamba walijifunza wenyewe kwa kujaribu, na kwamba kumbukumbu za meli hazionyeshi kuwa watu wa mpunga waliteuliwa makusudi, walinunuliwa waliopatikana. Kwenye suala la meli nakubali kwamba wana hoja. Wakifika shambani, mimi wananipoteza. Wakati wa kupanda, mbegu ilipakwa udongo wa mfinyanzi ili maji yakiingia isielee. Wanawake walitoboa vishimo kwa kisigino, wakadondosha mbegu, wakafukia kwa unyayo. Mpunga ulitwangwa kwa kinu cha gogo na mchi wa mti, ukapepetwa kwa ungo wa majani yaliyosukwa kwa kuzungushwa. Mtindo wa kisigino ulikuwa ukitumika Afrika Magharibi, kinu kilikuwa kikitumika, ungo wa kusuka namna hiyo ulikuwa ukitumika. England havikuwepo. Sasa mwenye shamba aliyejifunza mwenyewe kwa kujaribu alijaribu na nani?

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa maji, na hapa naomba mafundi wa skimu mnisikilize. Mwanzoni mpunga ulilimwa kwenye mabonde ya maji ya mvua. Tangu katikati ya karne ya 18 mashamba yalihamia kando ya mito inayopokea nguvu za bahari. Bahari ikijaa, maji ya chumvi, ambayo ni mazito, huingia chini mtoni na kuyainua maji baridi yaliyo juu. Wakulima walitaka hayo ya juu tu. Walijenga tuta kando ya mto na kutia malango ndani yake. Mwanzoni lango lilikuwa gogo la mti lililochimbwa katikati na kuzibwa kwa kizibo. Baadaye likawa sanduku refu la mbao lenye mlango kila upande. Bahari ikijaa, lango linafunguka na shamba linakunywa. Ikikupwa, linafunguliwa la upande wa pili na shamba linamwaga. Hakuna pampu, hakuna mafuta, hakuna bili. Lakini ukikosea mahali pa kujenga kwa maili chache kuelekea baharini, umeingiza chumvi na mwaka mzima umekwenda. Mtu aliyekesha akitunza lango alikuwa na thamani kubwa kuliko msimamizi mwenye mjeledi, na wenye mashamba walilijua hilo.

Maji yaliingizwa kwa zamu zake: ya kuotesha mbegu, ya kuilinda miche michanga dhidi ya ndege, ya kuua magugu na kunyoosha shina, na ya mwisho ya kuubeba mpunga unaokomaa usilale. Katikati ya zamu hizo watu waliingia na jembe kupalilia. Na ndege! Sisi tuna kwelea kwelea. Wao walikuwa na ndege mdogo aitwaye bobolink, aliyepita mara mbili kwa mwaka, mbegu ikichipua na mpunga ukiiva. Watoto na wazee waliwekwa kuamia tangu alfajiri, kama hapa.

Kiasi cha udongo uliohamishwa kinatisha. Kwenye tawi moja la mto Cooper, maili 12 na nusu tu za mto, yalijengwa matuta ya maili zaidi ya 55. Kwa majembe na vikapu, ndani ya kinamasi chenye nyoka, mamba na mbu. Malaria ilikuwa nyingi kiasi kwamba wenye mashamba walikimbilia mjini au milimani kila kiangazi hadi baridi iingie. Waliobaki walibaki kwa sababu hawakuwa na ruhusa ya kuondoka. Katika shamba la Gowrie, karibu na mji wa Savannah, jimbo jirani la Georgia, watoto tisa kati ya kila kumi waliozaliwa utumwani hawakufika umri wa miaka 16. Mchele ule mweupe uliokuwa ukiliwa London, Hamburg na Amsterdam ulitoka huko.

Kutwanga kulikuwa adhabu juu ya adhabu. Kabla Jonathan Lucas hajajenga mashine ya kukoboa kwa nguvu ya maji mwaka 1787, karibu mchele wote uliosafirishwa ulipita kwenye kinu cha mkono, alfajiri na usiku, kabla na baada ya kazi ya shamba. Mama zangu mliowahi kutwanga mnajua nazungumzia nini. Na alitakiwa atwange bila kuvunja, maana soko la Ulaya lilitaka punje nzima. Chenga zilibaki nyumbani.

Kazi ilipimwa kwa kipande, kwa kawaida robo eka kwa siku, na aliyemaliza kipande chake muda uliobaki ulikuwa wake. Katika muda huo watu walilima vibustani vyao: kunde, bamia, karanga, ufuta. Ndiyo maana hata leo chakula cha pwani ile kinafanana na cha Afrika kuliko cha mahali pengine pengi Marekani. Wazao wao wanaitwa Gullah, au Geechee huko Georgia, na wana lugha yao, wanaizungumza bado.

Kufikia sensa ya mwaka 1850, South Carolina peke yake ilikuwa ikitoa karibu ratili milioni 160 za mchele kwa mwaka, zipatazo tani 72,000. Kisha ukaja moto. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Harriet Tubman, mwanamke Mweusi aliyekuwa ametoroka utumwani, aliongoza boti za jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, na askari Weusi kuupanda mto Combahee. Vinu, maghala na nyumba za wenye mashamba vikachomwa, na watu zaidi ya 700 wakatoka mashambani wakapanda boti, wengine wamebeba sufuria ya wali ikiwa bado inafuka moshi. Kwa usiku mmoja.

Baada ya uhuru, watu hawakukataa kulima mpunga. Walikataa kuulima kwa masharti yale yale. Mwaka 1876 vibarua wa Combahee waligoma kwa sababu walikuwa wakilipwa kwa vikaratasi vilivyokubaliwa dukani kwa mwenye shamba tu, wao wakataka fedha taslimu. Kazi ya kuzibua mifereji ya tope wakati wa baridi ikakosa watu. Wakati huohuo Louisiana na baadaye Arkansas zikaanza kulima mpunga kwenye ardhi ngumu inayobeba mashine, na tope la Carolina lilizimeza mashine. Kimbunga cha mwaka 1893 kiliua watu wapatao 2,000 katika visiwa vile na kubomoa matuta. Vikaja vingine mwaka 1910 na 1911. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mpunga wa biashara ulikuwa umekwisha Carolina. Katika vibustani vya watu wa Gullah uliendelea kidogo kidogo, wa kula nyumbani, halafu huko nako vijana wakaenda mijini.

Miaka sitini hivi baadaye akatokea daktari wa macho wa Savannah, Richard Schulze, mwenye shamba upande wa South Carolina liitwalo Turnbridge. Alichotaka ni bata. Alikuwa mwindaji, na alisikia kwamba zamani bata wa porini walifuata mashamba ya mpunga. Akaona, kama ni kupanda mpunga, bora apande ule wa zamani. Akaandika barua akitafuta mbegu, na kituo cha utafiti cha serikali huko Beaumont, Texas, kikampa ratili 14 kutoka hifadhi yake. Kilo sita na kidogo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akivuna mchele wa kula na kugawa. Mwaka 1998 Glenn Roberts akaanzisha Anson Mills mjini Columbia, kinu cha nafaka za zamani, akauza mchele huo kwa wapishi wa mahoteli, nao wakaupokea kama mgeni aliyechelewa kufika.

Leo unatumikaje? Unapikwa na kunde nyekundu za visiwani, chakula kiitwacho hoppin' john, kinacholiwa siku ya Mwaka Mpya. Unapikwa na nyanya na nyama ya kuvuta moshi, wakauita wali mwekundu, na Mnigeria akiuona ataanza kudai hakimiliki, kwa jinsi unavyofanana na wali wa jollof wa kwao. Kuna perloo, jamaa ya pilau yetu, ya kuku au kamba. Unasagwa unga wa mikate na maandazi. Na zile chenga, mama zangu, zile chenga walizoachiwa watumwa, leo zinafungwa kwenye mifuko na kuuzwa kwa bei ya anasa, na mpishi anazipika kwa upole kama anamwuguza mtoto. Mashamba mengi ya zamani yamekuwa hifadhi ya ndege katika bonde la mito Ashepoo, Combahee na Edisto. Bata wa daktari, basi, wamepata makao. Na kando ya barabara kuu namba 17, mjini Mount Pleasant, wanawake wa Gullah wanauza vikapu vilivyosukwa kwa mtindo wa ule ungo. Watalii wanavitundika ukutani.

Watafiti nao hawakulala. Gurdev Khush, yuleyule wa IR64, mbegu ya mpunga iliyoenea sana Asia, pamoja na McClung na Merle Shepard wa Chuo Kikuu cha Clemson, walitoa mbegu mpya iitwayo Charleston Gold: shina fupi lisilolala, mavuno zaidi, na harufu juu yake. Wapo waliosema huko ni kuharibu urithi. Mimi siamini. Wakulima wa kale walichagua mbegu kila msimu, na mkulima asiyevuna hahifadhi kitu.

Ila tazameni kilichorudi na kisichorudi. Mbegu ilirudi kwa barua moja na ratili 14, kwa sababu kulikuwa na ghala lililoitunza. Ujuzi wa lango, wa kusoma maji ya bahari, wa kujua siku ya kukausha shamba, haukuwa na ghala. Walioufufua mpunga iliwabidi wasome madaftari ya wenye mashamba, watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika jembe, kutafuta maarifa ya watu ambao hawakuruhusiwa kuandika. Na wazao wa wale waliojua, wengi hawana ardhi. Mabwawa mengine ya mpunga ni viwanja vya gofu, mengine ni makazi ya matajiri. Wapo wapishi na wakulima wa Gullah wanaougombania mpunga huu upya, lakini sehemu kubwa ya faida inapita mbali nao. Nikisikia watu wakisema urithi umeokolewa, nauliza umeokolewa kwa ajili ya nani.

Mmoja wa wapishi hao ni B.J. Dennis wa Charleston. Mwaka 1816 hivi, Waingereza waliwapeleka kisiwa cha Trinidad, huko Karibi, watu Weusi waliopigana upande wao katika vita vya 1812 dhidi ya Marekani, wengine wakiwa wametoroka utumwani kwenye pwani ya Georgia. Walipewa ardhi kusini mwa kisiwa, na wazao wao wanaitwa Merikins. Mwaka 2016 Dennis alifika Moruga, huko huko kusini mwa kisiwa, akakuta wazee wanalima mpunga mwekundu wa kilimani, bila maji ya kufurika, wanautwanga na kuupika siku za sherehe. Huko mbegu na wenyewe hawakutengana hata mara moja kwa miaka 200. Hakuna kituo cha utafiti kilichohusika.

Kuna swali ambalo kijana mmoja aliniuliza nje kabla hatujaanza: je, tuilete Carolina Gold hapa tujaribu? Hapana, mwanangu. Inalala, inatoa kidogo, na hainukii. Mama zako hawa hawatainunua. Wewe una zako. Hifadhi ya taifa ya mbegu iko Arusha, na mbegu zikipelekwa huko zinatunzwa vizuri. Lakini karatasi inayoambatana na mbegu ina nafasi ndogo: jina, mahali, tarehe. Haina nafasi ya kuandika kwamba Shingo ya Mwali ya bibi yako hupandwa lini, kwenye udongo gani, nani huikagua na kuchagua suke la mbegu, na inapikwa kwa maji kiasi gani.

Kwa hiyo tunafanya hivi. Mlioleta mbegu, msizikabidhi na kuondoka. Pale chini ya mwembe kuna vijana wa chuo na simu zao za kurekodi. Kaa, useme jina lako na la aliyekufundisha, kisha ueleze tangu kuloweka mpaka sahani. Bibi aliyekaa mstari wa mbele ana mbegu tatu, yeye aanze. Vijana, mkimsikia anataja kitu msichokijua, msimkatize. Mwulizeni akimaliza, na mwandike kwa maneno yake mwenyewe.